Papa Nikolao wa Mwalimu Wilondja

Kwa miaka kumi na tisa Mwalimu Wilondja alifundisha historia katika shule ya mapadri mjini Uvira, na katika miaka yote hiyo alikuwa na somo moja ambalo hakuwa na haja ya kuliandaa. Wanafunzi walilingoja. Kaka zao walikuwa wameshawaambia: subirini mfike kwa Papa Nikolao, mtamwona Mwalimu anavua koti.

Na kweli alikuwa akivua koti. Alikunja mikono ya shati, akasimama dirishani, akawasimulia habari za Tommaso, mtoto wa daktari wa mji mdogo huko Italia, aliyefiwa na baba angali mdogo, akakatiza masomo kwa umaskini, akaenda kufundisha watoto wa matajiri wa Florensi ili apate cha kumrudisha chuoni. Kijana huyo alikuwa na ugonjwa wa vitabu. Alikuwa akisema kwamba akijaliwa uwezo atautumia kwa mambo mawili tu, vitabu na majengo. Mwaka 1447 makardinali wakamchagua, akawa Papa Nikolao wa Tano, naye hakusahau aliyoyasema. Alituma watu kila upande kutafuta miswada ya kale. Aliwakusanya wajuzi wa Kigiriki waitafsiri kwa Kilatini. Aliweka msingi wa maktaba ya Vatikano, akakarabati mfereji mkongwe hadi maji yakarudi katikati ya Roma, akamwita mtawa mchoraji, Fra Anjeliko, ampambie kikanisa chake kidogo cha kusalia.

"Mtu mmoja akipenda vitabu," Mwalimu alikuwa akimalizia, "mji mzima unabadilika sura."

Aliyasema kwa moyo kwa sababu alikuwa akijisema mwenyewe. Baba yake, msaidizi wa zahanati huko Fizi, alikufa Wilondja akiwa na miaka tisa. Padri mmoja Mbelgiji alimpa ufunguo wa chumba cha vitabu cha misheni, akamwambia asome chochote ila asikunje kurasa. Ualimu wake ulitoka katika chumba kile.

Kisha vita vikaja. Akavuka ziwa na mkewe, Chibalonza, na binti yao Bénie akiwa mgongoni. Wakakaa miaka tisa katika kambi ya Nyarugusu, upande wa Tanzania, na mwaka 2013 wakaletwa Sydney, wakapata nyumba Blacktown. Diploma yake hakuna aliyeitaka. Alisoma cheti cha kutunza wazee, akaajiriwa katika nyumba ya wazee iliyo safari ya basi moja kutoka kwake. Wakongo na Warundi wa jumuiya ya Kiswahili pale parokiani waliendelea kumwita Mwalimu. Kazini aliitwa Will, kwa kuwa jina lake lilikuwa refu mno kwa kile kibandiko cha kifuani.

Mwezi wa nane wa mwaka 2021 ulimkuta amechoka kuliko alivyopata kuchoka kambini. Jiji lilikuwa limefungwa kwa ajili ya korona tangu mwishoni mwa Juni, na mitaa ya magharibi ilikuwa imefungwa zaidi ya mingine. Kutoka Blacktown ilikuwa lazima uwe na kibali cha kazi. Polisi na wanajeshi walikuwa wakigonga milango kuhakikisha waliowekwa karantini wamo ndani. Chibalonza alikuwa akifunga mizigo katika ghala, zamu ya jioni. Mumewe alikuwa na zamu ya alfajiri. Walikutana mlangoni, mmoja akivua barakoa, mwingine akivaa, wakaulizana kama kuna wali uliobaki. Bénie alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, akiishi Kensington, upande wa pili wa jiji, katika nyumba ya kupanga na wenzake wanne. Miezi miwili walikuwa hawajamwona ila kwenye simu.

Jumamosi moja, saa tisa mchana, Mwalimu alikuwa amekaa jikoni na miguu yake ndani ya beseni la maji ya moto na chumvi. Simu ikalia.

"Papa, uko peke yako?" Bénie aliuliza. Salamu na maswali madogo alikuwa akiyasema kwa Kiswahili cha nyumbani. Mazito aliyasema kwa Kiingereza.

"Niko na miguu yangu tu."

Binti hakucheka. "Yule papa wako wa vitabu, Nicolas. Unajua alimwandikia mfalme wa Ureno barua?"

"Mapapa waliandika barua nyingi, mwanangu."

"Hii ilimpa ruhusa ya kuwafanya watu watumwa. Wa milele, Papa. Tumeisoma wiki hii darasani. Hizo meli zilizoshuka pwani yetu zilikuwa na karatasi yake."

Mwalimu alipandisha sauti. "Huo ni uongo wa watu wanaochukia Kanisa. Huyo mwalimu wako anatafuta sifa."

"Nakutumia barua yenyewe. Soma."

"Mimi nilifundisha historia wewe hujazaliwa!"

"Na hii uliwafundisha?"

Maji ya beseni yalikuwa yameanza kupoa.

"Basi hukuwafundisha historia," Bénie alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Uliwasimulia hadithi ya kuwalaza watoto. Na mimi ulinilaza nayo."

"Usiniongeleshe hivyo. Mimi ni baba yako."

"Sawa, Papa. Kesho kwenye rozari ya simu msiningoje."

Chibalonza alikuwa amesimama mlangoni na begi la kazini begani; alikuwa amesikia yote.

"Papa Bénie, mtoto amesema uongo?"

"Sijue."

"Kama haujue, ulikuwa unafoka ju ya nini?" Akavaa barakoa, akaenda zake kituoni.

Mwalimu aliifungua barua ile kwenye simu. Ilikuwa ya Kilatini, ikifuatiwa na tafsiri ya Kiingereza. Tafsiri hakuiamini. Kilatini alikuwa amekisoma ujanani katika seminari ndogo, lakini sentensi zile zilikuwa ndefu kama mto wenye kona, na kila alipoanza moja, usingizi ulimkatiza kabla ya kitenzi. Au labda hakutaka kufika kwenye kitenzi.

Kazini, chumba cha nane, alikuwapo Sista Brigid, mtawa mwenye miaka tisini na mmoja, aliyefundisha Kilatini katika shule za wasichana maisha yake yote. Miguu ilikuwa imemwacha lakini akili ilikuwa kali. Tangu kufungwa kwa jiji hakuwa na mgeni, kwani wageni walikatazwa kabisa. Kila asubuhi Mwalimu alipovuta pazia alimwambia, "Salve, magistra," yaani salamu, mwalimu. Naye bibi akajibu, "Salve, discipule," salamu, mwanafunzi. Ndilo lilikuwa neno pekee la siku nzima ambalo halikuhusu dawa wala choo.

Jumatatu alimwomba muuguzi wa zamu amchapishie barua kwa herufi kubwa. Akaitia kila karatasi ndani ya mfuko wa nailoni, ili ziweze kufutwa kwa dawa, akampelekea.

"Sista, nisaidie kusoma. Binti yangu anasema jambo na mimi nimemwita mwongo."

Bibi alizishika karatasi karibu na pua. "Huyu mwandishi hajui kuweka nukta," alisema. "Nipe siku chache."

Zikawa siku nne. Mwalimu alikuwa na wazee saba wa kuogesha kabla ya saa nne asubuhi, akiwa amevaa gauni la plastiki, barakoa mbili na ngao ya uso iliyokuwa ikijaa ukungu kila alipoinama. Kila siku, akimpaka mafuta miguuni au akimlisha uji, bibi alimpa mistari miwili mitatu. Mfalme Alfonso anasifiwa. Mwanamfalme Henri anasifiwa. Meli zimefika nchi ya Gine. Siku ya nne Sista Brigid hakuugusa uji.

"Will, unataka nikwambie, au unataka nikufariji?"

"Niambie."

Akaweka kidole juu ya nailoni, akasoma polepole, kama mtu anayesahihisha daftari: "In perpetuam servitutem redigendi. Kuwatia katika utumwa wa kudumu. Anakumbusha ruhusa aliyokwisha kuitoa miaka mitatu nyuma: kuwavamia Waislamu na wapagani na maadui wote wa Kristo popote walipo, kuchukua falme zao na mali zao, na kuwatia watu wenyewe utumwani. Anasema ametoa kwa hiari yake. Mfasiri hakukosea. Binti yako hakukosea."

Mwalimu alibaki na kijiko mkononi. Kengele ya chumba cha kumi na moja ikawa inalia, akawa haisikii.

"Nimefundisha Kilatini miaka arobaini na moja," bibi alisema. "Hakuna aliyenikataza barua hii. Nilichagua mashairi, nikachagua sala. Hii sikuifungua tu. Wewe ulifundisha nini?"

"Nilifundisha maktaba."

"Basi tuko wawili," alisema Sista Brigid, akamrudishia karatasi. "Sasa nenda, yule mzee anakuita."

Jumanne iliyofuata wazee wawili wa upande ule walipimwa wakakutwa na korona, kisha wakawa watano. Wafanyakazi wengine walizuiwa nyumbani, na waliobaki wakafanya zamu mbilimbili. Mwalimu alifanya hivyo siku tisa. Baadaye hakukumbuka vizuri siku zile. Alikumbuka tu alama za barakoa zilizogeuka vidonda juu ya pua, na mlango wa chumba cha nane ukiwa umefungwa, na watu wa kikosi maalumu, wasiojua hata neno moja la Kilatini, wakiingia na kutoka. Siku ya kumi akaambiwa amekaa karibu na mgonjwa bila kinga ya kutosha. Kipimo chake kilikuwa safi, lakini ilimbidi ajifungie wiki mbili.

Akalala chumbani kwake. Chibalonza akahamia kitanda cha Bénie, akawa anaweka sahani mlangoni na kugonga mara mbili. Siku mbili za kwanza Mwalimu alilala kama jiwe. Siku ya tatu akapigiwa simu na Vénérand, Mrundi mmoja mwenye sauti ya upole, msafishaji wa hospitali, ambaye ndiye mwenyekiti wa jumuiya.

"Mwalimu, kwa kuwa uko ndani, tusaidie Jumapili hii kwenye Zoom. Lile somo lako la Papa na wachoraji. Watu wamechoka sana. Tupe kitu kizuri cha kutazama."

Mwalimu alikubali kabla hajafikiri. Alipokata simu ndipo alipoanza kufikiri, na alifikiri kwa siku tatu, kwa uvivu wa mtu aliyechoka, akirudi palepale. Angeweza kusimulia lile la zamani. Alilijua kwa moyo, na hakuna ambaye angemlaumu. Ilikuwa rahisi, na mwili wake wote ulikuwa ukitaka yaliyo rahisi.

Jumapili saa tisa kulikuwa na nyuso thelathini na moja kwenye skrini. Vénérand alifungua kwa sala. Mwalimu alianza kama alivyozoea, ila hakuwa na koti la kuvua. Alisimulia vitabu, mfereji, wajuzi wa Kigiriki. Kisha akawaonyesha mchoro wa ukutani katika kikanisa cha Papa Nikolao: Mtakatifu Laurenti amevaa kanzu nyekundu yenye dhahabu, anawagawia maskini. Kuna kipofu na fimbo yake, kuna mama na mtoto, kuna mlemavu aliyeketi chini akinyoosha mkono.

"Huyo mama amesinzia ju ya kusimama mustari," alisema Mama Kasoki, mama mtu mzima kutoka Butembo. "Ni sisi kambini kabisa, siku ya kungoja chakula." Watu wakacheka kidogo.

Mwalimu akawaambia pia kwamba mwaka 1450, mahujaji walipofurika Roma kwa jubilei, tauni ilizuka, na Papa akakimbilia mji mdogo wa milimani, akakataza watu wasimsogelee.

"Kumbe na yeye alifanya lockdown!" mtu akasema, wakacheka tena.

"Nilitaka niishie hapa," Mwalimu akasema. "Vénérand aliniomba kitu kizuri, na hiki ni kizuri kweli, sitakikana. Lakini kuna kingine." Akavuta pumzi. Akaeleza jinsi Konstantinopoli ulivyoanguka mikononi mwa Waturuki mwaka 1453, na hofu iliyoipata Ulaya. Akaeleza kwamba hata kabla ya hofu hiyo Papa alikuwa ameshamwandikia mfalme wa Ureno, na mwaka 1455, miezi michache kabla hajafa, akamwandikia tena. Akasoma ule mstari kwa Kilatini, kisha kwa Kiswahili, bila kupunguza. Akasema kwamba barua ile haikuanzisha utumwa, lakini wafanyabiashara na wafalme waliishika kama ngao, na kwamba meli zilizofika Kongo baada ya miaka isiyotimia thelathini zilikuta njia imekwisha kubarikiwa.

"Watoto wa Uvira sikuwaambia. Sikujua. Na sikujua kwa sababu sikutafuta. Nilimpenda mno mtu yule. Binti yangu aliponiambia nilimwita mwongo. Naomba radhi kwake, na kwa hao wanafunzi wasionisikia."

Viboksi viwili vya skrini vikazimika. Mama Kasoki akauliza, "Mwalimu, huyo Papa alijuta?"

"Sijaona mahali palipoandikwa hivyo, Mama."

"Haya," alisema Mama Kasoki, akajifuta uso kwa kitenge.

Ndipo sauti ya mwanamume ikasikika, kamera yake ikiwa imefungwa. "Mwalimu, mmoja anakusikia. Mimi Bahizire. Darasani Uvira nilikuwa nakaa karibu na mlango. Niko Adelaide sasa; shangazi yangu alinitumia link."

Mwalimu alimkumbuka: mvulana mwembamba aliyekuwa akiandika hadi pembeni mwa karatasi. Alitaka kumwamkia vizuri, lakini Bahizire aliendelea.

"Mwanangu wa kwanza ana miaka minane. Nilimpa jina Nicolas. Si la babu wala la mjomba. Ni la somo lako, Mwalimu. Nilitaka apende vitabu, na anavipenda. Sasa nimwambie nini? Si ungetuachia kile kipande kizuri?"

Katika miaka kumi na tisa hakuna mwanafunzi aliyewahi kumuuliza swali gumu kama hilo. "Mwambie yote, Bahizire. Mwambie alipenda vitabu kweli. Na mwambie kupenda vitabu hakukumzuia. Sina lingine."

Bahizire akaondoka bila kuaga. Vénérand alifunga kwa Baba Yetu, na baadaye akampigia simu. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu. "Mwalimu, watu wanazika ndugu kwa simu, na wewe umewaongezea mzigo. Ungengoja."

"Wanafunzi wangu walingoja miaka kumi na tisa, kaka."

"Kweli," Vénérand akasema. "Kweli. Basi pumzika."

Kesho yake Mwalimu alimpigia Bénie. Hakuzunguka. "Ile barua nimeisoma mpaka mwisho, na mtu anayejua Kilatini kuliko mimi. Ulisema ukweli. Nilikosea kukuita mwongo, na mwalimu wako nilimtukana bure."

"Mama aliniambia ulichosema Jumapili."

"Aliniahidi hatasema."

"Mama?" Wote wawili wakacheka, mara moja, kama kukohoa. Kisha akauliza, "Na bado utaenda misa wakifungua?"

"Nitaenda."

"Kwa nini, Papa?"

"Sina jibu zuri. Mle ndimo nilimokulia. Sijui pengine pa kukaa."

"Mimi bado sitaki."

"Nimesikia. Sikulazimishi."

Alingoja binti akate simu, lakini binti hakukata. "Umekula?" Bénie aliuliza, kwa Kiswahili.

Mwalimu alirudi kazini katikati ya Septemba. Wazee wanne hawakuwapo tena. Sista Brigid alikuwa amepona, kama huko ni kupona: alikuwa amehamishiwa chumba kingine, mdogo kama mtoto ndani ya mashuka, na Mwalimu alipovuta pazia na kumsalimu, alimtazama kwa adabu, akamdhania ni daktari. Alimwogesha taratibu. Karatasi za nailoni zilikuwa zimetupwa pamoja na vitu vyote vya chumba cha nane. Aliendelea kumsalimu kwa Kilatini kila siku, na kila siku bibi alitabasamu kama mtu anayesikia muziki wa jirani.

Mwishoni mwa mwezi ujumbe ukaingia kutoka Adelaide, baada ya majuma ya kimya. "Shikamoo Mwalimu. Nimemwambia mtoto. Ameuliza kama ni lazima abadilishe jina. Nimemwambia hapana. Ameenda kucheza mpira." Mwalimu aliusoma kwenye basi mara nne, akapitishwa kituo chake.

Tarehe kumi na moja Oktoba jiji likafunguliwa. Bénie alikuja siku ileile, kwa tramu na kisha treni, na mfuko wa nguo chafu, amekonda, nywele hazijasukwa. Mwalimu alikuwa ametoka zamu. Alikuwa amejipanga kumwambia mengi: habari za Sista, habari za Bahizire, na kwamba alitaka aone orodha ya vitabu vya darasa lake. Walikaa kochini. Bénie alisema anaandika insha kuhusu barua zile na angependa wazungumze. Mwalimu akasema ndiyo, tuzungumze, naanza sasa hivi.

Chibalonza alipotoka jikoni kuwauliza kama wanataka pilipili, aliwakuta wote wawili wamelala wameketi, kichwa cha binti kwenye bega la baba, midomo wazi. Akazima jiko, akavuta kiti, akakaa kuwangojea.